Seti ya kuanzia kukusanya sarafu: mizani ibaki, albamu itupwe

Seti hizi zinauzwa mtandaoni kwa majina kibao, lakini ukifungua boksi unakuta mambo yaleyale: albamu ya mifuko ya plastiki, lenzi ndogo ya kukunja yenye taa, mizani ya mfukoni, glavu za pamba, kibano, na kapsuli (visanduku vidogo vya plastiki ngumu) kadhaa za duara. Anayeanza huvutiwa kwa sababu ni mzigo mmoja kwa bei moja. Sisi tumeitazama kwa kazi ambayo mkusanyaji wa huku atakutana nayo kweli: sarafu za Tanzania na Kenya za tangu 1966, shilingi na senti za Afrika Mashariki za enzi ya Mwingereza, heller (sarafu ndogo) na rupie za enzi ya Mjerumani, na paisa za shaba za Sayyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Kwa kazi hiyo mizani inafaa, lenzi inadanganya, na albamu ndiyo itakayokula sarafu zako.

Tuanze na albamu, maana hapo ndipo hasara ilipo. Kurasa nyingi za seti za bei nafuu ni za PVC. Plastiki hiyo kwa asili ni ngumu, kwa hiyo kiwandani huongezewa vilainishi ili ikunjike. Joto likipanda, vilainishi hutoka polepole na kutua juu ya sarafu kama utando wa kunata, na PVC yenyewe inapochakaa hutoa asidi inayoshambulia shaba. Utaona rangi ya kijani mbichi kwenye sehemu za chini za maandishi na kuzunguka picha. Paisa, heller za bronzi na senti za tundu huwahi kuharibika. Shilingi za shaba na nikeli huchelewa, ila nazo hazisalimiki. Mji kama Tanga, Mombasa au Unguja, wenye joto na unyevunyevu mwaka mzima, huharakisha kazi hiyo.

Muuzaji akikuandikia kwamba kurasa zake ni "salama", usibishane naye, pima. Kata kipande kidogo pembeni mwa ukurasa, kipake tone la sabuni ya maji ili mapovu yasikishike, kisha kizamishe kwenye glasi ya maji kwa kijiti. Kikielea, ni polipropilini au polithilini, na hizo hazina madhara. Kikizama, bado hujapata jibu, maana PVC huzama na PET (plastiki angavu, maarufu kwa jina la Mylar), ambayo ni salama kabisa, huzama vilevile. Hapo toka nje penye hewa, chukua waya wa shaba uliomenywa, ushike kwa koleo na uuchome mpaka uwe mwekundu na moto usibadilike rangi. Ugusishe kwenye plastiki ili punje ndogo iyeyuke na kushika, halafu urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, ndani kuna klorini, basi ni PVC. Kipande kiwe kidogo kuliko punje ya mchele, na moshi wake usiuvute. Harufu nayo inasaidia: ukurasa unaonuka kama koti jipya la mvua karibu kila mara ni PVC.

Badala ya albamu hiyo, nunua fremu za kadibodi za milimita 50 kwa 50 zenye dirisha la Mylar, pamoja na kurasa za polipropilini za kuzipangia. Hapa wengi hukosea saizi. Madirisha huja kwa hatua za milimita 2.5: 17.5, 20, 22.5, 25, 27.5, 30, 32.5 na kuendelea. Shilingi ya Afrika Mashariki ina kipenyo cha milimita 27.8, kwa hiyo fremu ya 27.5 itaibana ukingoni. Chukua ya 30. Rupie ya fedha ya Mjerumani ni kama 30.5, hiyo iwekwe kwenye 32.5. Piga pini za stepla pande zote tatu zilizo wazi, kisha zibane kwa koleo zilale kabisa, la sivyo zitachuna fremu ya ukurasa wa nyuma. Na siku ya kuitoa sarafu, ng'oa pini zote kwanza. Sarafu nyingi zenye mchubuko mrefu ulionyooka ziliupata siku mwenyewe alipozitelezesha kando ya pini iliyobaki, kwa uvivu wa nusu dakika.

Mizani ya kwenye seti ilitushangaza kwa uzuri. Hakikisha tu inasoma hadi gramu 0.01, inayoishia 0.1 ni ya viungo vya pilau. Iweke juu ya meza isiyoyumba, zima feni, subiri isome sifuri, ndipo uweke sarafu katikati ya sahani. Jiwe la kuirekebishia mara nyingi halimo kwenye boksi. Kama unaye ndugu Ulaya au Marekani, mwombe euro 1 mpya, ambayo ni gramu 7.50, au senti 5 ya Marekani, ambayo ni gramu 5.00. Mizani ikitoa jibu tofauti kwa zaidi ya gramu 0.03, irekebishe kabla ya kuiamini kwa jambo lolote.

Faida yake utaiona kwenye vitu vinavyoghushiwa sana. Rupie nzima ya Mjerumani yenye Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma ina uzito wa gramu 11.66 na fedha ya kiwango cha 917, yaani sehemu 917 kwa kila 1,000. Iliyochakaa hupungua kidogo, labda gramu 0.2 au 0.3. Ukiletewa yenye gramu 9.8, au yenye gramu 13, hakuna cha kujadili. Sarafu ya dhahabu ya rupie 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, inapaswa kukaribia gramu 7.17, nakala zake zimejaa kuliko zenyewe, na anayeanza asiiguse hata kama muuzaji ni shemeji yake. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ni gramu 28.07, fedha ya kiwango cha 833, lakini kumbuka kwamba zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa miaka ya karibuni. Mizani itakuambia kama ni fedha ya uzito wake, haitakuambia umri. Duka la vitu vya kale likikuuzia kwa hoja ya hiyo tarehe, lipa bei ya fedha tu, au ondoka.

Mizani ina mipaka yake vilevile. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, kiwango cha 250. Za 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli. Uzito ni karibu uleule, gramu 7.8 hivi. Hapo soma mwaka. Na usihangaike kutafuta shilingi ya Malkia Elizabeth: mfululizo huo haukuwa nayo, wake uliishia kwenye senti 50.

Sumaku haimo kwenye seti nyingi, nayo ingefaa kuliko glavu. Rupie ikinaswa na sumaku, irudishe. Lakini usiitumie kichwakichwa: shilingi 500 ya Tanzania yenye nyati, iliyotoka 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo kunaswa ndiyo hali yake.

Lenzi imeandikwa "30x". Jipime hivi: gawa sentimita 25 kwa ukuzaji, utapata umbali ambao lenzi inapaswa kukaa na sarafu ili ione vizuri. Lenzi ya kweli ya mara 30 ingekaa milimita 8 tu, pua yako ikikaribia kugusa meza na mwanga umezibwa na kichwa. Kama hii yako inaona wazi ikiwa sentimita 2 na nusu, basi ni mara 10, na uzuri ni kwamba mara 10 ndiyo unayoihitaji. Inatosha kusoma alama ndogo za kiwanda: H na KN za Birmingham kwenye senti na shilingi za Mwingereza, I ya Bombay, SA ya Pretoria, A ya Berlin na J ya Hamburg kwenye heller, na T kwenye zile za shaba za Tabora. Kwa kutazama uchakavu wa sarafu nzima, kioo cha mara 5 ni bora zaidi. Taa yake ya LED izime. Inamulika kutoka juu moja kwa moja na kuficha mikwaruzo. Tumia taa ya meza, inamisha sarafu, na mikwaruzo itajitokeza yenyewe.

Glavu za pamba huteleza. Nawa mikono, ikaushe, shika sarafu kwa ukingo juu ya taulo. Kibano cha chuma kisicho na mpira ncha zote mbili, mpe fundi simu.

Kapsuli za seti ni nzuri lakini za saizi chache, na sarafu inayocheza ndani hujikwaruza. Zile za mraba za Quadrum za kampuni ya Lighthouse hukaa kwenye kurasa zilezile za 50 kwa 50, ila kwa bei yake zibakie kwa rupie na riale. Senti kumi ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka uleule, haihitaji kapsuli: bado zipo nyingi, bei yake ni ya kawaida, na kwa anayeanza ni ununuzi mzuri kuliko chochote kinachoitwa adimu.

Kitu ambacho boksi halina kabisa ni orodha ya marejeo. Fungua akaunti Numista, tovuti yenye katalogi ya sarafu, ni bure. Kila sarafu ina uzito, kipenyo, madini, picha na, pale inapojulikana, idadi iliyopigwa kila mwaka, na unaweza kuweka alama kwenye ulizonazo. Udhaifu wake ni kipimo cha uadimu cha 0 hadi 100. Kinatokana na wanachama wangapi wanayo sarafu hiyo, kwa hiyo senti iliyojaa kwenye makopo ya bibi zetu inaweza kuonekana lulu kwa sababu tu wanachama wa huku ni wachache. Usipange bei kwa namba hiyo.

Kama ulishanunua seti na sarafu zimeshakaa kwenye ile mifuko, zitoe leo. Zile zenye utando wa kunata zitumbukize kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha glasi, mbali na jiko, madirisha yakiwa wazi. Kiondoa rangi ya kucha hakifai, kina mafuta na rangi. Acha dakika tano, hamishia kwenye asetoni mpya ili uchafu ulioyeyuka usirudi, kisha iache ikauke yenyewe. Usisugue, usipake ndimu, majivu wala dawa ya meno: ung'avu utakaoupata ndio utakaopunguza bei. Kijani kinachobaki baada ya hapo ni kutu iliyoshaingia ndani, asetoni haiigusi. Weka sarafu hiyo fremu yake peke yake, andika tarehe kwenye kadibodi, na uitazame tena baada ya miezi miwili. Zote zikae kwenye boksi la polipropilini linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, si kwenye kasha la mbao, maana mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi. Silika ya punje za rangi inayobadilika ikilowa huonyesha mapema, na saa mbili kwenye oveni ya nyuzi 120 huirudisha kazini.