TAHADHARI: Vichupa vya mafuta ya mimea vinavyouzwa kwa simu hapa Dodoma, hasa kwa wenye watoto wadogo

Ndugu zangu wa Dodoma, hasa akina mama wa Ipagala, Kisasa, Nkuhungu na Chang'ombe, naomba msome hii kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji wa mafuta ya mimea, yale makali ya kwenye vichupa vya matone, anayezunguka kwenye magrupu yetu tangu upepo wa Juni uanze. Mimi kanichukulia shilingi 96,000. Hizo ningemwachia Mungu. Nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya mtoto wa jirani yangu, miezi kumi tu, aliyelala hospitali usiku kucha kwa kufuata maelekezo ya mtu huyu.

Jina la ukurasa wake siandiki. Tangu nimfahamu amelibadili mara tatu, na ukilikariri la leo, kesho akija na jingine utamwamini. Bora mzijue tabia zake.

Anakuja na msimu. Mnajua Dodoma ilivyo wakati huu: vumbi, upepo mkavu, visigino vimepasuka mpaka vinanasa kwenye shuka, watoto midomo inatoka damu na mafua hayaishi. Hapo ndipo anapotupia picha za vichupa sita anavyoviita "boksi la familia": lavenda, mti wa chai, mkaratusi, karafuu, limau na waridi. Anaandika kwa upole, anakuita "mama mzuri", anajibu hata saa sita usiku. Ukiuliza duka liko wapi, anasema yuko njiani kuhamia Soko la Majengo. Mwezi uliofuata bado yuko njiani.

Mafuta haya si mageni kwangu. Mimi ni fundi cherehani, na vidole vikiniuma baada ya sare nyingi za shule, nakandia mafuta ya karafuu. Wifi yangu huniletea kutoka Pemba, yanayokenekwa pale kiwanda cha makonyo Wawi, Chake Chake. Tone moja kwenye vijiko viwili vya chai vya mafuta ya alizeti, basi. Karafuu ni kali, ukizidisha inaunguza. Nayapenda mafuta ya mimea na sitaki mtu aseme nayapiga vita. Ndiyo maana nina uchungu na anayeyachafua.

Nililipa kwa simu. Nilipomwomba lipa namba ya biashara akasema ina hitilafu, akanipa namba ya kawaida. Jina lililotokea kabla sijaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamume, naye alijitambulisha kama mama wa watoto watatu. Akasema ni la mume wake. Nikatuma. Mzigo ulikuja na basi, nikaufuata stendi ya Nanenane.

Nilipofungua tu, roho ikasita. Vichupa ni vya plastiki. Mafuta makali ya kweli huwekwa kwenye chupa ya kioo cheusi au cha kahawia, kwa sababu mwanga unayaharibu na mengine hula plastiki taratibu. Lebo zimeandikwa "asili 100%" na ua la kuchora, hakuna jina la kitaalamu la mmea, hakuna nchi yalikotoka, hakuna namba ya toleo wala tarehe ya kuisha. Lebo ya lavenda ilikuwa imekaa upande. Nikaishikilia juu ya mvuke wa birika, nikaibandua kwa kucha. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, ya glisirini.

Nikachukua glasi mbili za maji. Moja nikadondoshea karafuu yangu ya Pemba, nyingine karafuu yake. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, tofauti na mafuta mengi ya mimea. Ya Pemba yalishuka, matone madogo ya manjano yakaenda kukaa kwenye kitako cha glasi kama punje za mtama. Yake yalitanda juu kama mafuta ya kupikia, na harufu ya karafuu ikapotea kabla sijamaliza kuosha glasi.

Halafu nikachana karatasi nyeupe ya daftari la mwanangu, nikadondosha tone moja moja la kila kichupa, nikaandika majina kwa penseli na kuiacha mezani usiku kucha. Tone halisi la lavenda au mkaratusi huruka hewani, likaacha doa hafifu sana au lisiache kitu. Asubuhi karatasi ilikuwa na miduara mitano inayong'aa, unaona mwanga upande wa pili, kama karatasi iliyofungia maandazi. Limau peke yake ndilo liliruka. Lakini jueni kuwa kipimo hiki kinakamata mafuta ya kula yaliyochanganywa tu. Manukato ya maabara na viyeyusho navyo huruka, kwa hiyo karatasi kubaki kavu si uthibitisho kwamba mafuta ni safi.

Waridi ningelishtukia mapema kama ningepiga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya waridi hutoka kwenye tani 3 hadi 5 za petali. Kichupa cha mililita 30 kingehitaji kama kilo 100 za petali zilizochumwa kwa mkono. Yeye anakiuza 12,000, na "ofa" juu yake.

Mti wa chai nao ana hadithi yake. Kwenye sauti anazotuma anasema yanatoka kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, ili tujivunie cha kwetu. Mafuta yanayoitwa ya mti wa chai hayana uhusiano na chai tunayokunywa. Yanakenekwa kutoka majani ya mti mwingine kabisa, Melaleuca alternifolia, ambao asili yake ni Australia. Muuzaji asiyejua hata mmea wake unatoka wapi atajuaje kipimo cha mtoto?

Nilipombana akanitumia picha ya cheti. Kinapendeza, kina muhuri, kimeandikwa TFDA, yaani ile mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2023. Jamani, TFDA haipo tangu Julai 2019. Iligeuzwa kuwa TMDA, inayosimamia dawa na vifaa tiba, na vipodozi vikahamishiwa TBS, shirika la viwango. Ukiletewa cheti cha TFDA chenye tarehe ya baada ya hapo, ujue kimetengenezwa na mtu mwenye kompyuta.

Sasa niseme la mtoto.

Jirani yangu alinunua boksi lile lile wiki moja kabla yangu. Mwanawe alikuwa na mafua. Akauliza, akajibiwa kwa maandishi, nimeyaona kwa macho yangu: paka mkaratusi matone manne kifuani na mawili chini ya pua, bila kuchanganya, "ni asili haina madhara". Akapaka saa mbili usiku. Haikufika saa tatu mtoto akaanza kukohoa na kuvuta pumzi kwa shida, mbavu zinaingia ndani, ngozi ya juu ya mdomo imekuwa nyekundu kama iliyochubuliwa. Tukakodi bajaji. Pale hospitali swali la kwanza la daktari lilikuwa, mmempaka nini, chupa iko wapi? Hatukuwa nayo, nikarudi nyumbani mbio kuifuata. Nashukuru Mungu mtoto yuko salama, sasa anatambaa.

Mafuta ya mkaratusi yana kiini kinachoitwa sineoli. Kwa mtu mzima mwenye kifua kizito kinafungua. Kwa mtoto mchanga, kikipakwa karibu na pua kinaweza kubana njia ya hewa. Na akiyameza, hata kiasi cha kijiko kimoja cha chai kinaweza kumletea degedege na kumpotezea fahamu. Kafuri ni vivyo hivyo. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili usipake kabisa mkaratusi wala kafuri, usoni wala kifuani, hata kama bibi yake alipakwa akapona. Na kwa mkubwa pia hakuna kupaka kavu kavu. Tone moja kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, nazi au ubuyu ni kama asilimia 1, na hiyo inatosha kwa ngozi ya kawaida. Alizeti tunayo hapa na Singida, ubuyu umejaa mkoani kwetu. Hayo ndiyo mafuta yenyewe ya kulainisha ngozi iliyokauka. Matone makali ni nyongeza tu, na visigino vinaweza kupona bila nyongeza hiyo.

Limau, lile lililoruka kwenye karatasi, lilimpata mdogo wangu anayesoma chuo hapa mjini. Aliambiwa apake asubuhi kuondoa madoa ya chunusi. Akapaka, akatoka na jua letu la saa tano. Mafuta ya limau au ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda yana kemikali inayoungana na mwanga wa jua na kuunguza ngozi. Siku ya pili shavu lilikuwa na malengelenge, sasa limebaki doa la kahawia lenye umbo la vidole vyake alivyopakia. Alipolalamika, muuzaji akamwambia "sumu zinatoka, endelea". Kila aliyelalamika kapewa jibu hilo hilo. Ngozi ikiwaka, ikivimba au ikitoa malengelenge, inaungua. Hakuna sumu inayotoka.

Kuna sauti nyingine aliyoituma kwenye grupu la kina mama wa mtaani kwetu, akimshauri mama mmoja mwenye presha adondoshe matone matatu ya lavenda kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi na "apumzishe" vidonge. Kama kuna mzazi wako aliyesikia sauti ile, mpigie leo hii. Mafuta haya hayanywewi, na vidonge vya presha haviachwi kwa ushauri wa muuza vichupa.

Ukishanunua mara moja, anakuja na uwakala. Unalipa 250,000, unapewa maboksi, unatafuta wenzako watano nao walipe. Nawafahamu wawili waliolipa. Mmoja alitoa hela ya kikoba. Maboksi hayajafika. Uwakala huo ndio unaoingiza mafuta haya kwenye familia, maana sasa anayekushawishi ni dada yako au mwenzako wa kwaya, naye hajui kilichomo.

Nilipodai hela yangu akanizuia nisimpate tena. Siku mbili baadaye nikapigiwa na mtu mwingine, mwenye sauti ya ofisini, akisema anatoka "kitengo cha marejesho" na nitume 15,000 ya kufungulia malipo yangu. Nikakata. Namba yake nikaituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Na ninyi akiwapigia fanyeni hivyo, msibishane naye, na kamwe msimtajie namba ya siri.

Mlio na boksi nyumbani: acheni kupaka, viwekeni vichupa mahali mtoto hafiki, lakini msivitupe, ni ushahidi. Kama yamemwagikia ngozi na yanaunguza, yafuteni kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya alizeti, kisha osha kwa sabuni na maji, kwa sababu maji peke yake hayayatoi. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi na uende hospitali. Mtoto akimeza, usimtapishe, maana yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mbebe, beba na chupa, kimbia.

Mimi vichupa vyangu sita, ile lebo ya glisirini, karatasi ya daftari, ujumbe wa malipo na picha ya cheti nimeviweka pamoja. Jirani yangu ameniruhusu kutumia maelekezo aliyoandikiwa. Jumatatu saa tatu asubuhi tunakwenda ofisi ya TBS Kanda ya Kati, kisha polisi. Mpaka sasa tuko wanne. Kama na wewe ulinunua, hata kichupa kimoja, niandikie leo ujumbe wenye tarehe uliyolipa na jina lililotokea kwenye simu yako. Nataka tuone kama ni lile lile la mwanamume.