Kisu cha kukunja cha mpini wa mpingo: kasoro za kiwandani na dhamana yake, nikiwa Mikindani

Ni kisu cha kukunja cha kizamani. Hakina loki, ubapa unashikiliwa na springi ya mgongoni tu. Ubapa ni wa sentimita 7, chuma cha kaboni. Mpini ni wa mpingo juu ya bamba mbili za shaba. Nimekitumia miezi minane kukata kamba za nyavu na kusafisha samaki. Makali yake ni mazuri kwelikweli, jiwe la kawaida linayarudisha kwa dakika tano.

Ubaya uko kwenye uungaji. Ubapa ulikuwa unacheza pembeni. Kukijaribu, kifungue, bana ubapa karibu na ncha kwa upande wa mgongo, usukume kulia na kushoto. Ukisikia kitu kinagota kwenye egemeo, pale ubapa unapozungukia, basi riveti, yaani msumari unaoushika hapo, haikugongwa ikakaza.

Kasoro ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana haionekani: kikifungwa, makali yanagonga springi. Unanoa leo, kesho palepale pamekuwa butu. Chukua kipande cha karatasi ya risiti, kilaze ndani ya mfereji wa mpini, juu ya springi, funga taratibu. Ikitoka na alama ya kukatwa, rudisha kisu. Jaribio hili lifanye dukani kabla hujatoa pesa. Chanzo ni kile kinundu kidogo kwenye kisigino cha ubapa, kinachokaa juu ya springi kisu kikiwa kimefungwa. Kiwandani kilisuguliwa kupita kiasi. Fundi wa mtaani asikiguse kwa tupa. Akikipunguza tena, ubapa unazama zaidi, na dhamana imekufa hapohapo.

Nilikituma kwa wakala Dar es Salaam kwa basi, nimekifunga kwa mpira kisifunguke, ndani ya boksi gumu, pamoja na nakala ya risiti na karatasi inayoeleza kasoro zote mbili. Kilirudi baada ya siku 19. Ubapa mpya, riveti mpya, bure. Kutu ya kwenye springi waliikataa, wakasema ni matunzo. Kwa kutu ya juu nakubali. Hewa ya chumvi huku kwetu haichezewi, chuma cha kaboni ukikiacha na maji usiku, asubuhi kimeshapata madoa. Lakini hii ilianzia ndani kabisa, kati ya springi na bamba, ambako kitambaa hakifiki. Hapo naona wamenionea.

Kimerudi kigumu kufungua, ukucha unauma. Kabla ya kulalamika nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikakianika juani kikiwa wazi, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye egemeo, nikafungua na kufunga mara hamsini. Ukatoka uchafu mweusi, vumbi la kusugulia walilouacha humo. Nilipanguza, nikatia tone jingine, sasa kinafunguka vizuri na ubapa hauchezi.

Nauli ya kifurushi, kwenda na kurudi, ni juu ya mteja. Kadi ya dhamana haisemi hilo.