Krimu ipi ya kupambia keki ununue ukiwa Dodoma: tano zilizopangwa kuanzia ya kwanza

Ukishapata cheti cha kuoka na kupamba keki, kinachokula mtaji taratibu ni krimu. Oveni unanunua mara moja. Krimu unanunua kila oda, na ndiyo mteja anayoiona, anayoipiga picha na anayoilalamikia ikianza kuteleza kabla maharusi hawajalishana. Hapa nimezipanga aina tano zinazopatikana madukani, nikimfikiria mtu anayeanza kazi Dodoma akiwa na jiko la nyumbani, friji ya kawaida na umeme unaoweza kukatika.

Dodoma ni muhimu hapa, kwa sababu maelekezo mengi tunayoyafuata yanatoka Dar es Salaam au nchi za baridi. Pwani hewa ina unyevu. Huku ni kukavu, jiji liko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua zinaanza karibu na Desemba na kukatika Aprili, na miezi inayobaki ni upepo na vumbi. Oktoba na Novemba joto la mchana linapita nyuzi 30; usiku wa Juni na Julai ni baridi ya kutafuta sweta. Krimu iliyompa mtu sifa Kinondoni inaweza kumtia aibu Nkuhungu.

1. Batakrimu ya nusu siagi, nusu mafuta meupe

Batakrimu ni siagi au mafuta yaliyopigwa pamoja na sukari hadi yawe laini, na hii naiweka juu bila kusita. Siagi halisi ya maziwa ina ladha isiyo na mpinzani, lakini inalegea mapema na kuyeyuka kabisa ikifika kati ya nyuzi 32 na 35. Ukumbi usio na kiyoyozi, Jumamosi mchana mwezi wa Novemba, unaweza kufika huko. Mafuta meupe ya kupikia, yale yanayouzwa yakiwa yameganda, yanavumilia joto zaidi, ila yakiwa peke yake yanaacha utando mdomoni. Ukichanganya sawa kwa sawa, kila kimoja kinafunika udhaifu wa mwenzake.

Pima gramu 125 za siagi, gramu 125 za mafuta na gramu 500 za sukari ya aisingi, ile laini kama unga. Utapata robo tatu ya kilo, inayotosha keki ya inchi 8 yenye safu mbili ikiwa mapambo si mengi. Hesabu hiyo iandike kwenye daftari la bei, maana wengi wanaoanza hutaja bei ya keki bila kujua krimu imewagharimu kiasi gani.

Siagi ikikushinda bei, tumia majarini, lakini soma kopo kwanza. Tafuta yenye mafuta asilimia 80. Zile laini za kupaka mkate mara nyingi zina mafuta pungufu na maji mengi, na maji hayo ndiyo yanayoifanya krimu ikatike katikati ya kazi ukabaki na uji wenye chembechembe. Usibane hela kwenye sukari pia. Sukari ya kusaga nyumbani kwa blenda, hata ukiichekecha, huacha mchanga kwenye ulimi na kuziba nozeli ndogo, zile ncha za mfuko wa kupambia.

Asubuhi ya Julai batakrimu inaweza kugoma kutoka kwenye mfuko. Weka bakuli juu ya maji ya uvuguvugu kwa sekunde chache, kisha piga tena.

2. Wipingi krimu ya unga

Kwa anayeanza, faida yake kubwa ni kwamba pakiti inakaa kabatini bila friji. Umeme ukatike siku mbili, mtaji wako uko salama. Unachanganya na maji au maziwa baridi sana, unapiga, inasimama. Ni nyepesi, haina utamu mkali, na wateja wanaosema batakrimu inawakinaisha wataipenda.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo hutalisikia kwenye mafunzo ya mbali: maji. Visima vya sehemu nyingi za Dodoma vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo inajitokeza kwenye krimu nyepesi kama hii. Kuchemsha hakuiondoi. Tumia maji ya chupa au maziwa, yalale kwenye friji, na bakuli na mwiko wa mashine navyo vipoe kabla hujaanza.

Nunua pakiti iliyofungwa kiwandani. Unga uliopimwa kwenye mfuko wa nailoni huwezi kujua tarehe yake.

3. Wipingi krimu ya maji, ya mafuta ya mimea

Kwa ulaini inaishinda ya unga, tena kwa mbali. Inapigika kwa wingi, inalainishwa ukutani mwa keki kama kioo, na waridi zake zinashika umbo. Ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa suala la baridi. Mara nyingi inauzwa ikiwa imegandishwa, na ikiyeyuka ikagandishwa tena ubora unashuka: inatoa maji, haipandi vizuri.

Kwa hiyo duka ndilo la kuchagua kabla ya chapa. Muulize muuzaji waziwazi kama friji yake huzimwa usiku, na umeme ukikatika anafanyaje. Ishike boksi uone kama limevimba. Kama unaagiza Dar, jua mzigo utasafiri zaidi ya kilomita 400. Ukija kwenye buti la basi mchana bila boksi la barafu, usiupokee. Kuyeyusha ni ndani ya friji usiku kucha, kamwe si juu ya meza.

4. Fondanti

Hili ni donge la sukari linalokunjuliwa kama chapati na kufunika keki. Wengi watashangaa kuiona chini hivi, kwa kuwa ndiyo inayofundishwa kwa mbwembwe. Fondanti ya pwani inatoa jasho. Ya Dodoma inakauka. Ukiikunjua, dakika chache tu pembezoni zinaanza kupasuka, na feni ndiyo inazidisha. Ikiwa oda inaidai, zima feni, funga dirisha la upande wa upepo, paka mafuta meupe kidogo mikononi, na kile usichokishika kifunike kwa nailoni muda wote. Keki ya inchi 8 inakula karibu kilo nzima ukihesabu makombo ya kukata, na wageni wengi huivua na kuiacha pembeni mwa sahani.

Angalia pia jelatini iliyomo, kigandishi kinachotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Kama lebo haisemi imetokana na nini, tafuta yenye alama ya halali. Sherehe zetu zinakutanisha Waislamu na Wakristo meza moja, na mteja ana haki ya kujibiwa kwa uhakika.

Lakini ukavu huohuo unaokuponza kwenye kufunika ni neema kwenye maua. Petali zinazogoma kukauka pwani, hapa zinakauka haraka. Nunua pakiti ndogo kwa ajili ya maua, vipepeo na majina, kisha keki yenyewe ifunike kwa batakrimu. Aisingi ya ute wa yai nayo inanufaika hivyohivyo; nunua unga wa ute badala ya mayai mabichi.

5. Krimu halisi ya maziwa

Tamu sana, na inahitaji baridi tangu dukani hadi mdomoni. Ya asilimia 35 ya mafuta inapigika, lakini nje ya friji mchana haina muda mrefu. Kwa keki ndogo inayoliwa palepale nyumbani, sawa. Ya ukumbini, hapana.

Mpangilio huu unabadilika safari ikiwa ndefu. Keki ya kwenda Kongwa au Mpwapwa mchana ipakwe batakrimu, ilale kwenye friji hadi igande, na isafiri kwenye boksi gumu lililokaa sakafuni mwa gari, si kwenye kiti wala mapajani mwa mtu.

Kuhusu mapambo ya matunda, acha kuhangaikia stroberi zilizosafiri. Zabibu za Dodoma zikiwa kwenye msimu zinapendeza kuliko hizo. Zioshe, zikaushe kabisa kwa kitambaa, na uziweke juu ya krimu saa ya mwisho kabla ya kukabidhi, maana tone moja la maji linatosha kuchora mfereji kwenye krimu nyeupe.