Seti Ipi ya Kuundia Mkweche wa Kimarekani: Kuanzia ya Kwanza Hadi ya Kuacha Dukani

Anayetaka kuunda modeli ya gari la kale la Kimarekani lililochakaa kwa kawaida huanza kwa kuuliza gari lipi ni zuri. Kama unatafuta mng'ao, swali hilo linatosha. Kama unatafuta kutu, jiulize kwanza gari lako lilifia wapi, maana jibu ndilo litakalokuchagulia seti, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha.

Gari lililotelekezwa Arizona au New Mexico huliwa na jua kuanzia juu. Boneti, paa na mfuniko wa buti hupauka, rangi hulika mpaka praima (rangi ya msingi iliyo chini yake), praima nayo hulika mpaka bati, na bati hushika kutu nyembamba ya rangi ya mdalasini. Sakafu yake iko nzima, na milango bado inafunga. Lililoishi Michigan au Ohio huliwa kuanzia chini. Majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, tope lenye chumvi linaganda nyuma ya madigadi, na baada ya miaka kuna matundu kwenye vizingiti vya milango, kwenye matao ya magurudumu na kwenye sakafu ya buti, huku paa likiwa bado lina rangi yake. Mkweche wa jangwani unataka seti yenye bodi iliyochongwa vizuri na viti vinavyostahili kuonekana. Mkweche wa chumvi unataka seti ambayo chesi, sakafu na bodi ni vipande mbalimbali, kwa sababu itabidi uingie na kisu kwa ndani.

Kisha kuna unene. Bati la gari halisi la enzi hizo ni karibu milimita 1. Ukilishusha kwa skeli ya 1/25, yaani mara 25 chini ya kipimo halisi, unapata milimita 0.04, wembamba wa unywele. Plastiki ya seti ina milimita 1 na zaidi. Ukitoboa tundu la kutu bila kuipunguza kwanza, unapata kitu kama dirisha kwenye ukuta wa mawe. Kwa hiyo kila mahali patakapooza lazima pakwanguliwe kwa ndani mpaka mwanga uanze kupenya, ndipo ncha ya kisu ifanye yake. Seti isiyokuruhusu kufika huko ndani haifai, hata boksi lake liwe na picha tamu kiasi gani.

Orodha hii nimeipanga kwa vigezo hivyo. Zote ni za 1/25 nisiposema vingine. Hiyo ndiyo skeli ya kimila ya seti za magari Marekani, na Chevrolet Bel Air ya 1957, yenye urefu wa mita 5.08, kwa skeli hiyo inakuwa na sentimita 20 na kitu: inashikika mkononi, na bado ufa wa kiti unaonekana. Seti mpya za aina hii kwa kawaida huuzwa kati ya dola 25 na 45.

1. Pikapu ya Ford F-100 ya Moebius

Moebius, kampuni ya seti kama zilivyo AMT na Revell utakazokutana nazo hapa chini, imetoa matoleo kadhaa ya F-100 za miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, na kwangu hakuna seti inayozishinda kwa kazi hii. Kebini, karai la mizigo na chesi vinakaa mbalimbali kama kwenye gari lenyewe. Maana yake unaweza kupaka karai rangi tofauti kabisa na kebini, kana kwamba mwenyewe alilitoa kwenye gari jingine baada ya la kwanza kuoza. Mikweche ya namna hiyo ipo tele, na mtazamaji anaisoma mara moja bila kuambiwa.

Pikapu ina faida nyingine: ilichakaa kwa kazi kabla ya kutelekezwa. Sakafu ya karai imekwanguliwa na mizigo mpaka bati likang'aa, halafu kutu ikarudi juu ya mikwaruzo. Ukingo wa juu wa karai umebonyea pale palipoegemezwa ngazi na magogo. Rangi ya mlango wa dereva, chini ya dirisha, imelika kwa kiwiko. Na pembe za chini nyuma ya kebini ndizo zinazotangulia kuoza, kwa hiyo anza kupunguza plastiki hapo. Ukikosa Moebius, tafuta Chevrolet 3100 ya 1950 ya AMT. Ford ya 1953 ya AMT pia inafaa, ila kalibu yake, yaani chombo cha kumiminia plastiki, ni ya zamani, hivyo tegemea msasa mwingi.

2. Mtumba uliokwisha unganishwa

Najua hii itawashangaza wengine. Modeli iliyounganishwa na mtoto miaka mingi iliyopita, gundi imemwagika mlangoni, rangi imepakwa kwa brashi nene, huuzwa kwa bei iliyo chini sana ya ile ya seti mpya, na karibu kila ulemavu wake ni mali. Bampa limepotea? Mkweche halisi nao hauna bampa. Kioo kina ukungu wa gundi? Vumbi la miaka litakuwa lake. Gurudumu moja halipo? Weka tofali la plastiki chini ya ekseli, na hadithi imejisimulia.

Kuna vitu viwili tu vya kukataa. Cha kwanza ni nguzo za kioo cha mbele zilizovunjika: ni nyembamba, zinabeba paa, na kuzirudisha sawa ni mateso. Cha pili ni bodi iliyopinda kwa joto. Igeuze uitazame kwa mbele na kwa nyuma, taa za kushoto na kulia ziwe kwenye mstari mmoja. Rangi ya zamani mara nyingi hutoka kwa kulowekwa kwenye alkoholi ya isopropili na kusuguliwa kwa mswaki. Isipotoka yote, usihangaike. Matabaka ya rangi yanayochungulia ndiyo unayotafuta.

Sijaiweka namba moja kwa sababu huwezi kuagiza unachotaka. Unachukua kilichopatikana.

3. Hudson Hornet ya 1953, Moebius

Hili ni la mtu mwenye subira. Hudson za mwaka 1948 hadi 1954 zilikuwa na sakafu iliyoteremshwa katikati ya fremu, abiria anashuka hatua kuingia, na gari likakaa chini kuliko wenzake. Chini ya boneti ya Hornet kulikuwa na injini ya silinda sita kwa mstari, inchi za ujazo 308, yaani karibu lita 5, iliyowatesa wenye V8, injini za silinda nane, kwenye mbio za magari za NASCAR za Marekani mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Seti ya Moebius inayo injini hiyo, ina vipande vingi, na vinaingiliana vizuri.

Raha yake ni boneti iliyoachwa wazi: injini ndefu iliyokauka, nyaya zimening'inia, kutu ya kahawia kwenye bomba la moshi. Kasoro ni kwamba utalipia usahihi mwingi ambao kutu itaufunika. Kama hutafungua boneti, namba 2 itakutosha.

4. Plymouth Belvedere ya 1958, AMT

Mapezi ya nyuma marefu, na historia inayokupa ruhusa. Chrysler ilibadilisha magari yake yote kwa mwaka wa 1957 chini ya mchoraji Virgil Exner. Kazi ilikwenda mbiombio, na magari hayo yakapata sifa mbaya ya kuvuja maji na kushika kutu mapema. Belvedere ya 1958 ilirithi bodi ileile. Hakuna atakayekuambia umezidisha.

Tena halina nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma. Vioo vikiwa chini, mvua imenyesha ndani miaka yote, na viti vinaonekana vizuri mno. Kitambaa kilichooza utakipata kwa karatasi laini iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe na maji, ukaichana kabla haijakauka. Kwa mkweche wa jangwani, hili ningelipandisha hadi namba mbili.

5. Chevrolet Bel Air ya 1957, Revell

Ndiyo rahisi kuliko zote kuipata, na ndiyo inayochosha kuliko zote kuitazama. Tatizo la kununua ni kwamba jina hilo moja liko kwenye maboksi mengi tofauti. Ipo kalibu ya zamani ya Revell yenye milango na buti vinavyofunguka, ambayo kuifanya ikae sawa ni kazi ya fundi wa bodi. Zipo kalibu zake mpya zenye mpangilio safi. Ipo ya 1/24 iliyotokana na kampuni ya Monogram, na AMT nayo ina yake. Usinunue kwa picha ya juu ya boksi. Tazama picha ya vipande pembeni.

Ukiichagua, iozeshe panapostahili. Juu ya taa za mbele, chini ya ule ukingo wa bati unaozifunika kama nyusi, ndipo uchafu ulipokuwa unajikusanya na bati kutoboka kwa ndani. Ubavuni kwa nyuma kuna bati la alumini lenye mifereji, na hilo halishiki kutu nyekundu hata kidogo. Linafifia tu. Hapa ndipo modeli nyingi huharibika: mtu anapaka kahawia kila kitu. Mistari ya chuma kisichoshika kutu hubaki inang'aa hata mlango ukiwa umeoza chini yake, ilhali bampa, ambalo ni chuma cha pua kwa sura tu, ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, hutoka madoadoa. Tofauti hiyo ndogo inauza modeli kuliko matundu kumi.

6. Gari la chuma lililokamilika

Kwa asiyetaka gundi. Unanunua la 1/24 au 1/18, unalifungua kwa bisibisi, unaliondoa rangi na kulipaka upya. Kwa gari la jua linapendeza. Kwa gari la chumvi, sahau: milango ni minene, na ile aloi ya zinki haikwanguliki kama plastiki. Wako wanaoliacha nje kwenye maji ya chumvi wakitegemea kutu ya kweli. Zinki haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe.

Ya kuacha dukani

Corvette, ya mwaka wowote. Tangu ya kwanza ya 1953 bodi yake ni ya faibaglasi, na faibaglasi haishiki kutu: inapasuka, inapauka na kuchanika nyuzi. Hali kadhalika gari la Studebaker Avanti. Ukiona Corvette ya modeli yenye madigadi yaliyotobolewa na kutu, aliyeiunda hakuwahi kuligusa gari lenyewe.

Pesa ya pembeni

Usimalizie fungu lote kwenye seti. Unahitaji rangi ya kahawia isiyong'aa ya aina mbili tatu, rangi za mafuta za wachoraji, unga wa rangi wa kutu, na spreyi ya nywele. Kampuni za Vallejo na AK Interactive za Hispania huuza maji maalumu ya kubandulia rangi, na ni mazuri kwa kuwa yanatabirika, ila spreyi ya nywele ya bei rahisi inafanya kazi ileile.

Boneti ya jangwani huenda hivi. Puliza kahawia, iwe na mabaka meusi na mekundu, ikauke usiku kucha. Puliza spreyi ya nywele mara mbili. Juu yake weka rangi ya gari, iwe ya akriliki (rangi ya maji) na iwe nyembamba. Enameli, rangi ya mafuta, haipitishi maji na itakuangusha. Baada ya nusu saa lowanisha kwa maji ya vuguvugu, subiri kidogo, kisha gonga kwa brashi fupi ngumu kuanzia katikati. Rangi itaanza kuachia vipande vyenye kingo zilizochanika, ambazo hakuna mkono unaoweza kuzichora. Simama mapema kuliko unavyotamani. Ukitaka zaidi, lowanisha tena, kilichobanduka hakirudi.

Kabla hujalipa

Kwa seti ya zamani, omba boksi lifunguliwe. Tazama matairi kwanza. Yale ya vinili laini hutoa mafuta ambayo miaka ikipita huyeyusha plastiki iliyoyagusa, na kama yalikuwa yamelala juu ya vioo, vioo hivyo vina alama za duara zisizofutika. Tazama kromu, ingawa ikiwa imebabuka ni afadhali kwako. Hesabu taa. Kisha inua bodi kwenye mwanga na uangalie matao ya magurudumu ya nyuma kwa ndani: kama plastiki hapo ina mbavu nene za kuimarisha, utakwangua jioni nzima kabla ya kupata tundu moja. Muombe muuzaji akupunguzie, au muulize kama ana pikapu.