Flashi ya Hiren's: laptopu imefunguka bila kupiga window

Habari zenu wapendwa, karibuni tena mezani kwangu. Leo hakuna boksi jipya la kufungua. Nina flashi hii ya gigabaiti 8, na nina laptopu ya HP iliyokaa kabatini miezi saba. Ndani ya flashi nimeweka Hiren's BootCD PE, mkusanyiko wa programu za kuokoa kompyuta iliyogoma. Nataka tuone kama kweli inamfaa mtu aliyefungiwa nje ya kompyuta kwa sababu ya nywila.

Laptopu hii ni ya jirani yetu, sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Mke wake hakuwahi kuijua nywila yake. Humu ndani kuna picha za watoto tangu wakiwa wachanga, na mahesabu ya duka, nani anadaiwa na kiasi gani. Aliipeleka kwa fundi mmoja, akaambiwa, "Mama, hii dawa yake ni kupiga window tu," yaani kufuta na kuweka Windows upya. Akauliza, na picha? Fundi akanyamaza. Mama akabeba laptopu yake akarudi nyumbani, na alifanya vizuri sana. Inaniuma kila nikikumbuka watu waliofutiwa kila kitu wakati shida ilikuwa nywila peke yake.

Kabla sijaigusa niliomba kuona risiti ya laptopu, na mama amekaa hapa pembeni yangu muda wote. Nawaomba mafundi wenzangu tufanye hivyo. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa kuwa kosa, na laptopu ya wizi nayo huja na hadithi ya "nimesahau nywila".

Haya, Hiren's yenyewe. Ni ya bure. Faili lake ni takribani gigabaiti 3, unalichoma kwenye flashi kwa programu ya Rufus, nayo ni bure. Angalizo: Rufus inafuta kila kitu kilichomo kwenye flashi, kwa hiyo hamisha vitu vyako kwanza. Wakongwe mtakumbuka Hiren's ya zamani ya kwenye CD, ile iliyoishia toleo la 15.2 mwaka 2012. Hii ya PE ni nyingine. Ni Windows ndogo inayowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa ile iliyomo kwenye diski.

Na hapo ndipo siri ilipo. Windows haiandiki nywila yako kama ilivyo. Inaisaga kihisabati, kisha inaweka matokeo yake kwenye faili linaloitwa SAM. Windows ikiwa macho, faili hilo halishikiki. Ukiwasha kompyuta kwa flashi, Windows ya kwenye diski imelala, na SAM inakuwa faili kama mafaili mengine.

Twende. Nachomeka flashi, nawasha, nabonyeza Esc mfululizo, halafu F9. Hiyo ni kwa HP. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12. Nachagua flashi, nasubiri… eeh, imewaka. Mnaona, hii hapa desktopu ya kawaida kabisa.

Sasa subirini. Mkono wa kila mtu unakimbilia kwenye programu ya nywila. Mimi naanza kufungua diski. Folda ya Users ile pale, jina la marehemu, Pictures. Mama, sogea uone. Ndiyo hizi? Basi. Nachomeka diski ya nje, nanakili folda yote. Imechukua dakika arobaini, nimewakatia hapo msichoke. Kwangu mimi hii ndiyo sifa kubwa ya Hiren's kuliko hata kubadili nywila. Tungeweza kuishia hapa na mama angerudi nyumbani na picha zake.

Mafaili yakishakuwa salama, nafungua NTPWEdit, ile programu ya kubadili nywila iliyomo ndani ya Hiren's. Juu kuna sehemu ya kuonyesha SAM ilipo. Hapa wengi wanakwama: imeandikwa C, lakini ukiwasha kwa flashi diski yako inaweza kupewa herufi nyingine. Hii imekuwa D. Narekebisha, nafungua upya, orodha ya watumiaji inatokea. Nachagua jina, nabonyeza kubadili nywila, naacha nafasi zote mbili tupu, nahifadhi. Nachomoa flashi, nawasha upya… Imeingia. Mama, imeingia!

(Tumesimama kidogo hapa. Mama amehitaji muda wake.)

Nimeisifu, sasa niseme inapogoma, maana nisiposema nitakuwa nimewadanganya.

Ukibadili nywila kwa nguvu namna hii, nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari zinaweza zisifunguke tena, kwa sababu zilifungwa kwa kutumia ile ya zamani. Mafaili yaliyosimbwa, yaani yaliyofungwa kwa siri, na Windows yenyewe ni hivyohivyo. Kama kuna dalili yoyote ya kuikumbuka ya zamani, jaribu hiyo kwanza, na tazama kama batani la herufi kubwa halijawashwa.

Pili, kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, ile yenye barua pepe, NTPWEdit haikusaidii. Wewe hata hauhitaji flashi: chukua simu, ingia tovuti ya Microsoft, badili nywila kwa namba au barua pepe uliyosajili, halafu unganisha laptopu na waifai palepale kwenye skrini ya kuingilia, uweke nywila mpya. Nimekutana na watu wanaolipia programu za mtandaoni kwa kazi hii ya bure. Nyingine zinakuonyesha jina lako vizuri kabisa, ukibonyeza kuendelea ndipo zinadai kadi ya benki. Waepukeni.

Tatu, na hili ndilo zito, ni BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima. Diski ikiwa imesimbwa, Hiren's itaiona lakini haitaifungua bila ufunguo wenye tarakimu 48. Hakuna ujanja wa kupita pembeni, na anayekuahidi kwamba anao, mkimbie. Zamani hili lilikuwa zaidi la laptopu za ofisini. Kuanzia Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, usimbaji unajiwasha wenyewe kwenye mashine nyingi mpya ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, hata zile zenye Windows Home, ya matumizi ya nyumbani. Mwenye laptopu anaweza asijue kabisa. Ufunguo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo, ukurasa wa recovery key, na skrini inakupa namba ya utambulisho ili ujue ni ufunguo upi. Nenda kautazame leo ukiwa bado unaingia, uuandike kwenye karatasi.

Na nywila ya BIOS, ile inayodai kabla hata Windows haijawaka, ni habari nyingine kabisa. Kwenye laptopu za kisasa kuchomoa betri ndogo hakuiondoi. Hiyo mrudie mtengenezaji na risiti yako.

Kwa hiyo naipa Hiren's nane kwa kumi. Kwa laptopu yenye akaunti ya ndani, yaani isiyo ya Microsoft, na diski isiyosimbwa, sijaona ya bure inayoizidi, hasa kwa kuokoa mafaili. Mbili nimezikata kwa sababu menyu yake imejaa programu za kugusa diski, na mgeni akibonyeza asichokijua anaweza kufuta alichokuja kukiokoa. Ipakueni kwenye tovuti yake, hirensbootcd.org, msiichukue kwenye flashi ya kuazimana.

Mama ameshaweka nywila yake mpya mwenyewe, mimi nimegeuka pembeni. Ameiandika ukurasa wa mwisho wa daftari la duka, na mtoto wake mkubwa ameonyeshwa lilipo. Sasa anafungua orodha ya wadaiwa.