Balbu ya buku na balbu ya buku tatu na jero: nimezitumia zote mbili, nawapa majibu

Jamani habari zenu. Najua kuna watakaosema balbu nayo ni kitu cha kukaa mtu anaandika, ila subirini niwape hesabu kwanza alafu mnicheke.

Naishi nyumba ya kupanga huku Tabata, vyumba sita, kimoja anakaa mama mwenye nyumba mwenyewe, na mita ya LUKU ni moja. Waliowahi kukaa nyumba za hivi wanajua nasema nini. Kila baada ya siku chache mtu anapita anagonga milango, "umeme umebaki units tatu, leteni hela," hapo ndo maneno yanaanza, fulani ana friji, fulani anapiga pasi hadi soksi, yule wa chumba cha mwisho anachajia simu mpaka rafiki zake. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumsingizia. Mimi wangu alikuwa wa friji, namuomba radhi hapa hapa.

Kumbe mchawi ananing'inia juu ya vichwa vyetu kila siku.

Tuna taa mbili za wote, moja korido na moja nje njia ya kwenda chooni. Zote zilikuwa zile globu za zamani za waya ndani, wati 100 kila moja. Zinawashwa saa kumi na mbili jioni, zinazimwa asubuhi saa kumi na mbili na mtu wa kwanza kutoka, akikumbuka. Sasa piga hesabu, wati 200 mara masaa 12 ni 2400, yaani units 2.4 kwa usiku mmoja, mwezi units 72. Sisi tupo ile tarifu ya kawaida, ukinunua ya elfu kumi unapata units 28 (siku ambayo hawajakata kodi ya jengo), kwa hiyo unit moja ni kama shilingi 356 na makodi yake yote. Units 72 ni elfu 25 na mia sita. Kwa ajili ya kuonyeshea njia ya choo! Wenzetu wa D1, ile tarifu ya wanaotumia umeme kidogo, wanapata units 75 kwa 9,150 na kuna familia inaangalia TV na feni mwezi mzima kwa hizo hizo, sisi tunamulikia panya wa koridoni.

Basi nikasema tuweke LED. Na hapa ndo kwenye ripoti yenyewe.

ZA BUKU. Nilinunua tatu kwa machinga stendi, buku buku. Boksi limeandikwa 15W kwa herufi kubwa, limechorwa jua. Ukiishika nyepesi kama kifuniko cha chupa. Nikaweka korido, nje na chumbani kwangu. Siku ya kwanza raha tupu, nyeupeee, ila siku mbili tatu zinapita unajiuliza mbona kama kuna giza la kichinichini. Nikaingiwa na wasiwasi, 15W gani hii.

Nikaipima. Njia yenyewe haihitaji kifaa chochote na sijui kwanini watu hawaitumii. Angalia mita yako, kuna kataa kekundu kanakonyeza, na pembeni pameandikwa namba na imp/kWh. Ya kwetu ni 1000, maana yake kale kataa kakikonyeza mara 1000 ndo unit moja imeisha. (Mita nyingine ni 1600 au namba nyingine, soma ya kwako.) Kwa hiyo ukizima kila kitu ukaacha balbu moja tu, globu ya wati 100 itakukonyezea mara moja kila sekunde 36. Jumapili moja nikawabembeleza majirani tuzime vyote nusu saa, kelele zake we acha, kuna mpira unaendelea. Nikaacha balbu ya buku peke yake. Nusu saa nzima ikakonyeza mara tatu. Tatu! Hiyo ni wati 6, labda na kitu kidogo, wala haifiki nusu ya ilichoandika usoni. Yaani umeme hainili kweli, inanila macho.

Shida ya pili, mtaani kwetu umeme unashuka jioni watu wote wakirudi, na ukishuka hizi nazo zinaanza kucheza cheza kama disko la harusi. Ukiisoma kwenye kitako imeandikwa 220-240V basi, chini ya hapo haijui cha kufanya. Ya nje ilikufa mwezi wa pili, ya korido ikafuata, ya chumbani ikajitahidi hadi mwezi wa tano. Ukiifungua unakuta vijitaa vidogo vidogo vimepangwa na kimoja kina kidoa cheusi katikati. Vimeunganishwa kama shanga, uzi ukikatika sehemu moja vyote vinalala. Fundi wa mtaani alinijampia moja kwa jero, akaruka kile kilichoungua, ikawaka tena wiki mbili hivi kisha ikaungua kingine maana mzigo wa marehemu walirithishwa waliobaki.

ZA BUKU TATU NA JERO. Hizi nilizifuata Kariakoo kwenye duka la vifaa vya umeme, nikanunua nne. Jina la balbu sitaji, maana feki za jina lolote zuri zipo na mtu atakuja kuniambia dada ulitudanganya. Nitawaambia nilichoangalia. Nzito, ukiilinganisha na ya buku ni kama mtu mzima na mtoto. Imeandikwa 9W na lumeni 810 (yaani kiasi cha mwanga), siyo wati peke yake. Imeandikwa 85-265V. Ina alama ya TBS, wale wa viwango. Na muuzaji akaziwasha zote nne pale kaunta bila kuombwa, akaniuliza ya pini au ya kuzungusha (mimi nikabaki nimeduwaa, jamani angalieni holda za kwenu kabla ya kupanda daladala), akachukua maka peni akaandika tarehe kwenye kitako, "hii waranti yako sista, mwaka mmoja, risiti usitupe."

Nikapima nyumbani kwa mita, saa nzima mara tisa. Tisa ni tisa. Nilijikuta nimefurahi kama nimefaulu mtihani mimi.

Sasa hesabu ya mwezi, taa mbili za 9W masaa yale yale ni units 6 na nusu, kama 2,300. Kutoka elfu 25 na mia sita mpaka elfu mbili na mia tatu. Balbu mbili ni elfu saba, zilijilipa ndani ya siku tisa. Ya elfu kumi ilikuwa inatufikisha siku tano kwa shida, ikaanza kufika nane. Mpaka leo ni mwezi wa kumi na nne na tatu kati ya nne zinawaka.

Ya nne niliipeleka mwenyewe kaburini. Niliiweka kwenye ile taa ya dari ya kibakuli cha kioo kilichofungwa pande zote, kumbe LED mwanga wake ni wa baridi lakini kitako kinachemka na kinataka hewa, ukikifungia kinajipika. Ikafa mwezi wa saba. Duka walinibadilishia, ila kwanza kijana mwingine aliyekuwepo siku hiyo akaanza za kwake, risiti imefutika, sijui hii umeiangusha, mpaka aliyeniuzia akatokea akaona mwandiko wake. Kwa hiyo huduma nzuri ila inategemea umemkuta nani. Risiti zile za mashine zinafifia, ipige picha.

Ubaya mwingine wa kusema ukweli, 9W ya LED inalingana na globu ya wati 60, hailingani na 100 kama watu wanavyodanganyana. Nje kwetu pakapoa mwanga kidogo na majirani wakalalamika wiki moja hivi. Kama una uwanja mkubwa chukua 13W. Na zote walizokuwa nazo ni nyeupe ya hospitali, ya njano nilizunguka maduka matatu ndo nikapata moja ya chumbani. Dar watu wanaamini nyeupe ndo kali zaidi, sawa, ila mimi ugali wangu sitaki kuula unaonekana kama umefariki. Alafu ya njano msimu wa mvua haijazi wadudu kama nyeupe, kumbikumbi wanajua kwa kwenda.

Sasa msiende kununua mkatupa kila kitu. Chumbani nilikuwa na enaji seva ya wati 15, ile ya kujikunja, nawasha kama masaa matano. Hiyo mwezi mzima ni mia nane. Ukiweka LED ya 7W inakuwa kama mia tatu na sabini. Unaokoa mia nne na kitu kwa mwezi, balbu imekugharimu 3,500, miezi nane ndo urudishe hela. Iache ife yenyewe. Pesa ipo kwenye taa inayokesha, hiyo ya chumbani unayozima saa nne usiku ni ya kujifurahisha tu. Ila ikivunjika ile enaji seva fungua madirisha, watoto watoke, usifagie kwa fujo, ndani ina zebaki.

Na kama umeweka LED ukazima swichi na bado inawaka kwa mbaaali kama jini, balbu haina kosa. Mara nyingi fundi alipitisha swichi kwenye nyutro, kwa hiyo holda ina moto hata ukizima. Usiichezee, mwite fundi mwingine. Mwingine, siyo yule.

Nilijaribu pia ile YA CHAJI ya elfu nane, inayobaki imewaka umeme ukikatika. Mwanzoni watoto wa jirani walikuwa wananipenda sababu ukiichomoa ukashika kitako kwa kidole inawaka mkononi, nikawa mganga wa nyumba nzima. Kwa kazi yake sijaridhika. Boksi linasema masaa manne, ya kwangu ilikuwa inafika mawili na nusu inaanza kufifia, baada ya miezi sita dakika arobaini. Tena mein swichi ikizimwa ya kwangu haikuwaka kwenye holda, nikabaki gizani. Kwa elfu nane bora taa ya sola ya kuanika juani, au tochi ya simu na uvumilivu.

Basi tukakaa kwa amani, wa friji tukasalimiana vizuri, mpaka mwezi uliopita. Elfu kumi ikaanza kuisha siku tano tena. Siku ya pili maneno yakarudi, na safari hii wakanigeukia mimi, "balbu zako hizo zimeharibika zinakula umeme." Iliniuma. Mchana mmoja wengi wako kazini nikamwomba wa friji azime kidogo, nikazima changu, nikasimama mbele ya mita na simu yangu. Ikakonyeza. Nikahesabu. Sekunde 36. Ikakonyeza tena. Sekunde 36. Mimi sekunde 36 naijua kama jina langu, nikajua kuna globu ya wati 100 inawaka mahali humu ndani mchana kweupe.

Nikaufuata waya. Umetoka dirishani kwa mama mwenye nyumba, umepita nyuma ya bafu, umeingia kwenye boksi la mbao lililofunikwa kiroba. Vifaranga hamsini wamejikusanya chini ya globu, na globu ni ile ile ya korido niliyoitoa mimi, alikuwa ameitunza. Wati 100 masaa 24 ni units 2.4 kwa siku. Sawasawa na zile mbili za usiku!

"Shikamoo mama. Samahani mama, hii taa ya vifaranga..."

"Marahaba mwanangu. Eeh, wanasikia baridi hawa. Au niwekee basi na wao hizo zako za LED zisizokula umeme."

Ikabidi nikae chini nimweleze kwamba haitawezekana, maana ile globu ya zamani ni jiko linalotoa mwanga kidogo, karibu umeme wote inageuza joto, mwanga ni kama asilimia tano tu, ndo maana vifaranga wanaipenda na sisi inatufilisi. LED ukiwawekea wataonana vizuri huku wanakufa na baridi. Akafikiri, akasema kumbe. Wiki tatu za vifaranga nilipiga ni units 50, karibu elfu 18, lakini mwenye nyumba ni mwenye nyumba, nikamwambia elfu kumi, akatoa palepale, na akasema wakikua kila chumba kuku mmoja.

Globu imetolewa wiki iliyopita, manyoya yameshaota. Mimi wangu ni yule mwenye madoa, nimeshamwonyesha mama ili kusiwe na maneno.