Kunyonya choo kwa gari Mbeya mjini: inafaa, ila ulizia mpira kabla ya bei

Kwa nyumba ya barabarani yenye shimo lililojengewa tofali, gari la kunyonya choo ni huduma ya kulipia bila kusita. Huku Isanga na mitaa mingine ya miteremko, ulizia kwanza urefu wa mpira. Tangi la lita 5,000 halikusaidii kitu ikiwa mpira unaishia kwa jirani wa chini.

Malipo ni kwa tripu, kwa hiyo ujue ujazo wako. Shimo la duara lenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 3, likijaa, lina takriban lita 3,400. Tripu moja inatosha.

Kazi hukwama kwa sababu ya takataka. Pampasi na matambara huziba mpira, na utingo akidai hela ya ziada kuvitoa kwa ndoano, ana haki. Tope la chini nalo huwa gumu kama ugali wa jana. Wanaojua kazi hulimwagia maji, hulikoroga kwa mti mrefu, ndipo wavute. Wavivu huvuta maji ya juu tu na kudai malipo kamili, kwa hiyo pima kina kwa fito kabla na baada. Shimo lisilojengewa lisikombwe lote, hasa mvua zikikolea: ukuta uliolowa hukosa cha kuuegemeza, ukaporomoka.

Mfuniko ukiwa wazi, mulika tofali. Mwaka 1854, mtaa wa Broad Street, London, maji ya kufulia nepi za mtoto mwenye kipindupindu yalimwagwa kwenye shimo la nyumba namba 40. Kuta zake zilikuwa zimeoza, na kisima cha pampu kilikuwa umbali usiofika mita moja. Watu zaidi ya 600 walikufa eneo hilo. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani, waliokuwa na kisima chao na bia ya kunywa, walinusurika. Tofali zako zikimomonyoka na kisima kiko chini yako, ndani ya mita 30, kunyonya peke yake hakutoshi: ita fundi, na wanaochota hapo wachemshe maji.

Dai pia kujua mzigo unamwagwa wapi. Jibu sahihi ni mabwawa ya majitaka. Wanaotapisha usiku kwa ndoo ni rahisi zaidi, ila mzigo wao huishia mferejini. Kwao, nyota sifuri.